Hitilafu Haikuonekana

Tarehe tatu Januari, Uybaan aliandika kitabuni:
"Presha ya mafuta inashuka nikifika juu.
Sindano inatetemeka. Injini inakohoa."
Nami chini yake, kwa mwandiko wangu wa kubana:
"Imekaguliwa. Hitilafu haikuonekana."

Tarehe sita akaandika tena, kwa herufi kubwa,
kalamu nusura itoboe karatasi.
Nikafungua chujio: safi. Nikapima pampu: nzima.
Nikapuliza mabomba, nikaitegea valvu sikio
kama mkunga ategavyo tumboni.
"Hitilafu haikuonekana."

Tarehe tisa hakuitaja injini kabisa.
Aliandika: "Tuyaara, panda wewe."

Kwetu huku, kando ya mto Yana,
baridi hushuka nyuzi hamsini chini ya sifuri,
pumzi huganda ukaisikia ikichakarika masikioni,
na ndege hii kuukuu ya mabawa manne
ndiyo barabara, ndiyo duka, ndiyo gari la wagonjwa.
Huko juu hakuna kando ya njia pa kuegesha.
Hilo nalijua. Ndiyo maana maneno yake yaliniuma:
alikuwa akisema natia saini
kwa roho ya mtu mwingine.

Nikamwambia, mbele ya watu, chai mkononi:
geji yako inapima woga wako.
Akajibu: na wewe unaitibu ndege
ikiwa imelala, halafu unasema haiumwi.
Tukanuniana siku nne.
Mwanafunzi wangu Dyulustan akawa posta,
"Anasema hivi," "Mwambie vile,"
kama mtoto wa nyumba yenye ugomvi.

Kisha tanuru la karakana likafa.

Usiku ule ndege ililala nje, kwa mara ya kwanza,
imetoka safari, tangi nusu.
Alfajiri nikaenda na tochi na spana,
vidole vikikataa amri,
nikafungua chujio palepale gizani.

Barafu.
Laini, kama chumvi iliyomwagika,
imejazana kwenye wavu, inameremeta.
Nilisimama nayo. Sikumwita mtu.
Kwanza nilitaka kuhesabu peke yangu.

Usiku baada ya usiku niliivuta ndege ndani,
kwa huruma, ipate joto.
Na tangi lililobaki nusu, likiingia kwenye joto,
hutoka jasho kwa ndani.
Jasho huzama chini ya petroli, hutulia.
Asubuhi huenda nalo angani, likaganda, likaziba.
Jioni hurudi kwangu, likayeyuka,
nami nafungua chujio, naona usafi.
Joto langu lilileta maji.
Joto langu lilifuta nyayo zake.
Yeye aliandika kweli. Mimi niliandika kweli.
Kweli mbili ambazo hazikuwahi kukutana
kwenye baridi moja.

Uybaan alikuja mbio, kamba za viatu zinaburuta.
Akainama, akatazama, akanyamaza muda mrefu.
Nilingoja aseme "sikukwambia?"
Akasema: "Tangi nusu ni langu.
Nilitaka niwe mwepesi, kiwanja kifupi."
Nikasema: "Karakana ni yangu."
Dyulustan akauliza, "Sasa nani anaandika?"

Aliandika yeye, kwa mkono wake wa kitoto:
"Barafu kwenye chujio. Imeonekana nje,
saa kumi na mbili asubuhi, na watu watatu."

Siku hizi Uybaan hujaza tangi jioni,
akinung'unikia uzito.
Asubuhi mimi hufungua koki ya chini,
nachota kidogo kwenye chupa ya jamu,
namngoja aje atazame. Hachelewi.
Tunaiinua kwenye taa, vichwa vikigusana kofia.
Mara nyingi hamna kitu, petroli tupu.
Tunaitazama hata hivyo.